Risiti Juu ya Mlango

Watu wa Mpanda walimwona Masunga kama amerukwa na akili. Mtu mzima, anazunguka vijijini kununua risiti kuukuu! Kodi ya kichwa, kodi ya mauzo, ushuru wa baiskeli... alimradi ni karatasi ya zamani yenye muhuri, macho yanamtoka. Ataigeuza, ataichunguza mikunjo, atakwambia thamani yake kwa wakusanyaji wanaonunua kwake. Mkewe Lucia ndiye pekee aliyemcheka bila kumdharau. Siku aliponunua cherehani, alimng'ang'ania muuza duka mpaka akaingiza jina lake kwenye risiti ya mashine.

"Na mimi niweke kwenye mkusanyo wako," alimwambia mumewe. "Nikifa uniuze bei mbaya."

Akafa kweli. Homa ya siku chache tu, masika iliyopita, na Masunga akabaki na cherehani iliyofunikwa kanga. Jamani, msiba uusikie kwa mwenzio.

Jioni moja aliwasha pikipiki akaenda Mishamo, kwa bibi mjane aitwaye Apollinarie. Aliambiwa anayo risiti ya kodi ya marehemu mumewe, mzee Arcade. Kweli aliikuta, imepigiliwa msumari juu ya mlango, muhuri bado wa zambarau.

"Hiyo siuzi, mwanangu," bibi alinong'ona. "Mwenyewe anaitumia."

"Si alishafariki, bibi?"

"Nyamaza. Jua linazama."

Nje, hatua... Polepole. Zikafika mlangoni zikasimama, kama mtu anayekaguliwa. Halafu harufu ya tumbaku ikaingia ndani. Kigoda kikalia.

Hapakuwa na mtu.

Masunga alimtazama bibi. Alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka.

Bibi alimweleza wakati anamsindikiza. Enzi zile bila risiti ya kodi hupiti, mgambo wanakudaka njiani. Na huko walikokwenda wafu nako wapo mgambo wao. Lakini ukipigilia mlangoni risiti ya marehemu, aliyoilipia kwa mkono wake, jioni ataruhusiwa kuja kukaa kidogo.

"Ila jina lisomeke," alisema. "Na ukishaipigilia usiing'oe. Aliyeingia ukimnyang'anya risiti, hatoki tena."

Kesho yake Masunga alifungua faili lake. Risiti ya cherehani aliitunza kuliko zote, ndani ya mfuko wa nailoni. Akaivuta.

Nyeupe.

Nyeupe pee! Risiti za mashine hazina wino, joto huzila, na nailoni huzimaliza. Masunga alilijua hilo vizuri, wateja aliwaonya kila siku. Ila hii ya Lucia aliifunga kwa mapenzi, akasahau ufundi.

Akaipigilia hivyohivyo.

Jua lilipozama, hatua zikaja. Alizijua. Mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Mafuta ya nazi yakanukia hadi ndani.

"Masunga..."

"Ingia, Lucia! Mlango uko wazi!"

"Wananizuia. Wanasema karatasi haina jina."

Alitoka mbio. Uwanja mtupu. Alirudi ndani akalia kama mtoto. Ikawa hivyo kila jioni, na kila jioni sauti ya Lucia ilitokea mbali zaidi, hadi akaogopa kwamba kesho hataisikia kabisa.

Mfa maji haachi kutapatapa. Masunga akatoa risiti yake bora kuliko zote, ya kodi ya mauzo, ya mwanamke mfanyabiashara wa zamani aitwaye Scolastica. Jina limekolea utadhani limeandikwa jana. Alijisemea, mgambo ni mgambo tu, akiona muhuri mzuri atampitisha mke wangu. Akaipigilia juu ya ile nyeupe.

Jua likazama.

Hatua...

Nzito. Haziburuti.

Hazikusimama mlangoni. Zilipita moja kwa moja, na harufu ya udongo uliofukuliwa ikajaa chumba. Kanga ikateleza kutoka kwenye cherehani. Kiti cha Lucia kikalia kwa uzito. Masunga aliunyooshea msumari mkono, akakumbuka onyo la bibi, akaushusha.

Ndipo aliposikia, karibu kabisa na dirisha, mguu unaoburuta.

"Masunga... nimewalilia mpaka wakanihurumia. Leo wameniruhusu bila..."

Ndani, mtu akakohoa.

"Kumbe una mtu," Lucia alisema.

"Hapana! Lucia, subiri! Lucia!"

Mguu uliburuta ukielekea barabarani, hadi usisikike tena. Nyuma ya Masunga gurudumu la cherehani lilianza kuzunguka.

"Mwache aende," sauti nzito ikanong'ona. "Funga mlango, mume wangu. Nasikia baridi."

Wanunuzi wa risiti bado wanafika kwa Masunga. Wakiiona ile iliyo juu ya mlango, wanataja bei za kutisha. Yeye huangalia chini.

"Hiyo siuzi," huwaambia. "Mwenyewe anaitumia."