NILIMNYIMA NANA OKTOBA YAKE

"Tumeshafika?"

Nana aliuliza hivyo akiwa amesimama chini ya mti wenyewe!

Ndugu wasomaji, tulikuwa tumefika dakika kumi zilizopita. Maua ya pinki yalikuwa juu ya kofia yake, mabegani, hata kwenye kamba za viatu vyake...

Nilikuwa nimemshika mkono.

"Fiifi, nakuuliza wewe. Tumeshafika kwenye miti?"

"Tumefika, Nana."

"Ahaa." Akageuza uso kushoto, kisha kulia, kama mtu anayetafuta stesheni redioni. "Basi niambie ikoje."

Mama mdogo Mansa, binti yake wa mwisho, ambaye alikuwa hajamwona kwa miaka tisa, akajiziba mdomo kwa mtandio. Halafu akasema maneno yaliyonifanya nitamani ardhi ya Vancouver ipasuke inimeze.

"Mama... kwa nini ulikataa kuja Oktoba? Macho yalikuwa bado yanaona! Nilikuandikia mara nne!"

Nana akaukaza mkono wangu.

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kwa sababu Nana hakukataa. Aliyekataa ni mimi. Kwa jina lake!

Naitwa Fiifi. Nina miaka kumi na saba, ni mwanafunzi wa bweni hapa Cape Coast, na ninaandika haya nikiwa na akili timamu, bila kushurutishwa na mtu yeyote, ingawa Nana amekaa hapa pembeni anasikiliza kila ninachochapa.

Kwanza mnijue. Mimi ndiye niliyebandika tangazo la msiba wa jogoo wa mwalimu wa bweni. Picha yake, majina ya wafiwa, ratiba ya kuaga mwili, sare ya waombolezaji: nyeusi na nyekundu. Kidato cha kwanza wote walifika ukumbini wamevaa nyeusi na nyekundu.

Jogoo alikuwa hai. Aliwika katikati ya maombi.

Niliadhibiwa, nikacheka, nikasahau. Nikadhani uongo wote ndivyo unavyoishaga.

Sasa Nana. Ni mama mzazi wa mama yangu, na alifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Ukutani darasani kwake palikuwa na picha iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani: msitu mwekundu, kama umewashwa moto lakini hauungui. Akiwa chini ya picha hiyo, aliwafundisha majira manne watoto waliojua mawili tu, mvua na vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuyaona hayo manne.

Mwaka juzi, mwezi wa Juni, daktari alimwambia presha ya macho imeshamaliza jicho la kushoto, na la kulia linafuata.

"Bibi, kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu."

Jumapili iliyofuata ukoo ukakaa kikao. Nana akasimama kama yuko mbele ya darasa.

"Nataka kwenda kwa Mansa, nikaone majani yakibadilika rangi. Basi."

Kaka yake, Egya Badu, akaguna. "Dada, majani? Hapa nyuma ya nyumba si yamejaa?"

"Hayo yana rangi moja tu, Badu. Kama akili yako."

Tulicheka sana siku hiyo.

Ikaamuliwa aende na mtu wa kumshika mkono. Nana akanyoosha kidole.

"Fiifi. Huyu ndiye macho yangu."

Na kweli nilikuwa macho yake. Likizo zote mimi ndiye niliyemsomea ujumbe wa simu, mimi ndiye niliyemwandikia majibu. Nana na mwanawe walisalimiana kwa sauti kila Jumapili, lakini mipango haikuruhusiwa kwenye maongezi. "Simu ni ya salamu," alisema. "Mipango inaandikwa, ili mtu asije akaruka."

Mnaona mtego unavyojengeka?

Mwezi wa Agosti ujumbe ukaja. Mansa aliandika: "Mama, njoo wiki ya tatu ya Oktoba. Hapo majani yanakuwa mekundu kabisa. Ukichelewa wiki mbili yote yako chini. Ukishindwa, kuna maua ya Aprili, lakini najua wewe unataka majani. Nipe tarehe nitume barua ya mwaliko."

Oktoba!

Oktoba mimi niko shuleni. Mkuu wa shule alishasema hakuna ruhusa muhula ule, hata kama anayeomba ni malaika. Mama alishasema tangu siku ya kikao kwamba kama ni Oktoba, basi ataenda binamu yangu Ebo, maana yeye ameshamaliza shule.

Ebo! Ebo ambaye hupiga pasi soksi! Ebo aliyeniambia mlangoni, "Usijali bwana mdogo, nitakuletea picha."

Aprili mimi nina likizo.

Nikaingia chumbani kwa Nana na simu mkononi.

"Nana, ujumbe wa mama mdogo Mansa."

"Soma."

Nikakohoa kidogo. Nikasoma, kwa sauti ya mhubiri, maneno ambayo hayakuwepo.

"'Mama, mwaka huu kumekuwa na ukame mkali. Majani hayatakuwa na rangi. Usije Oktoba, utasikitika. Njoo Aprili, miti itakuwa na maua.'"

Nana akainua kichwa.

"Ukame umefuta rangi?"

"Ndivyo alivyoandika, Nana."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hakuna mahali umeruka?"

"Hakuna, Nana."

"Soma mara ya tatu, mjukuu wangu. Polepole."

Nilidhani ni uzee. Nikasoma mara ya tatu, tena nikaongeza neno "pole sana" mwishoni ili linoge.

Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikamjibu Mansa: "Mwanangu, nitakuja Aprili. Tusiliongee kwenye simu, litaniliza."

Mansa aliandika mara tatu zaidi kubembeleza Oktoba. Mara tatu nikakataa. Na mara tatu Nana aliniuliza, "Mansa anasemaje?" Nikamwambia anasalimia.

Siku ya kurudi bweni alinisindikiza mpaka getini. Akanishika bega.

"Fiifi, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Hapana, Nana. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Oktoba ikapita. Bwenini tulikula gari, zile chenga za muhogo, tulizoziloweka kwa maji na sukari, tukacheka, tukafanya mitihani.

Februari nikaitwa ofisini kupokea simu. Ilikuwa ni mama.

"Nana amemwaga chai mezani," alisema. "Alidhani anamimina kikombeni. Fiifi... la kulia nalo limekwenda."

Nikarudi bwenini. Wenzangu wakaniuliza nimefanya utundu gani tena.

Nilidhani safari itafutwa. Weee! Nana alikataa katakata. "Tarehe imeshapangwa na mwenyeji ananingoja. Twende."

Kwa hiyo tukaenda. Saa nyingi angani, yeye dirishani. Alisisitiza akae dirishani!

Na ndipo tukawa pale chini ya mti, na lile swali la Mansa likining'inia hewani.

Mansa akatoa simu, akaanza kusoma. Ujumbe wa Agosti, wote. Wiki ya tatu ya Oktoba. Mekundu kabisa. Halafu jibu: "Mwanangu, nitakuja Aprili."

"Sasa haya aliandika nani?"

Nikauachia mkono wa Nana.

"FIIFI! Aliandika nani?"

"Mimi."

Kofi lilitua kabla sijafunga mdomo. Watu waliokuwa wakipiga picha za maua wakageuka.

"Mama yangu alikuwa na Oktoba moja tu iliyobaki! Moja! Ukamwibia ili na wewe upande ndege?"

Machozi yalikuwa yananitoka na maua yananidondokea kichwani, kama bwana harusi wa kituko.

"Mansa, mwache mtoto," Nana akasema.

"Mama, hujasikia alichokufanyia?"

"Nilijua."

Wote wawili tukamgeukia.

"Tangu siku ile ya kwanza," akasema. "Nimefundisha majira miaka thelathini na mmoja. Ukame haufuti Oktoba. Ukame huyafanya majani yawahi kuanguka. Mtoto yeyote wa darasa langu angejua. Wewe ulikuwa unanisomea jiografia ya jogoo."

"Nana... kwa nini hukusema?"

"Ningeweza kumwita Ebo anisomee. Dakika moja tu ningejua yote. Ningeyaona majani yangu." Akavuta pumzi. "Lakini mimi nilikuwa nimeshasema mbele ya ukoo kwamba wewe ni macho yangu. Nilitaka uniambie wewe mwenyewe. Nikakupa siku ile. Nikakupa wiki. Getini nikakuuliza. Nilidhani macho yatanivumilia mpaka mwaka mwingine..."

Akaokota ua begani mwake, akalifikicha vidoleni.

"Hapo nilikosea. Hilo ni kosa langu, si lako. La kwako ni lile jingine."

Ndugu wasomaji, kofi la Mansa halikuniuma hivyo.

Jioni nyumbani Mansa alileta kopo la biskuti. Oktoba ile, baada ya kukataliwa mara ya mwisho, alikuwa ameokota majani, akayabana ndani ya kitabu kizito, akamwekea mama yake. Nana akatia mkono. Akachukua moja, akalipapasa pole pole: ncha tano, mishipa, kikonyo. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi wake wa zamani.

Halafu akaliinua kuelekea kwangu.

"Lina rangi gani?"

Mansa akanikazia macho. Alikuwa akitingisha kichwa na midomo yake ikisema bila sauti: nyekundu, sema nyekundu!

Hata mimi nilitaka kusema nyekundu. Jinsi nilivyotaka! Ningemwashia msitu mzima ule wa ukutani kwa neno moja tu, na nani angejua?

"La kahawia, Nana," nikasema. "Limekauka. Kwenye mshipa mmoja tu, karibu na kikonyo, kuna wekundu kidogo. Kama uzi."

Mansa akainamisha uso.

"Kama uzi," Nana akarudia. Akaweka kidole pale pale. "Endelea. Chukua la pili."

Yalikuwa arobaini na saba. Niliyasoma yote.

Somo langu ni fupi. Huko nyumbani kwenu yupo mzee anayekupa simu yake na kukwambia, "Nisomee." Msomee kilichoandikwa. Wakati wake ni mdogo kuliko unavyodhani, na anaweza akautumia wote kukusubiri useme ukweli.

Siku hizi kila asubuhi ya likizo namsomea Nana gazeti, mpaka matangazo ya misiba. Ananisahihisha matamshi. Na leo, nilipomaliza kumsomea haya yote tangu juu, aliniuliza swali moja tu.

"Hakuna mahali umeruka?"

"Nimeruka, Nana."

Nikarudi juu, nikaongeza ile sehemu ya "pole sana".