Kifuniko cha Arobaini

Jumamosi kwetu huanza kwa utulivu. Akina mama tunasuka mikeka, watoto wanakuna nazi, na bahari ya ndani, iliyozungukwa na visiwa vyetu, imelala kama maji ya beseni. Ndugu zangu, utulivu huo ulivurugwa na Tekaai, mume wa dada yangu Teretia, aliyepita na mashua mbele ya nyumba zetu mara tatu. Hakuwa na safari. Alitaka tuone kifuniko cha injini.

Injini yenyewe aliachiwa na baba yake. Ilikuwa kongwe, ya nguvu za farasi kumi na tano, lakini mzee aliitunza. Kila akirudi baharini aliiwasha ndani ya nusu pipa la maji ya kisima mpaka chumvi yote itoke. Tekaai aliionea haya. Akamwendea binamu yake, ambaye injini yake ilikuwa imeshakufa, akamwomba kifuniko chenye namba arobaini. Kwetu ndugu akiomba hanyimwi. Kisha akabandua kibati chenye namba ya kweli, akapaka rangi mpya. Kifuniko kiliikalia injini kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto, naye akakikaza kwa waya.

Tangu hapo, kila jioni aliteka maji ya kisima, tena wakati wa ukame, akakiosha kifuniko na kukipaka mafuta ya nazi king'ae. Ndani ya injini hakikuingia hata kikombe kimoja.

Teretia, mimba yake ikiwa ya miezi minane, alimwambia mbele yangu, "Baba Tiaon, injini haikojoi."

Alimaanisha ule mchirizi wa maji unaotoka nyuma, unaoonyesha kwamba injini inapozwa.

"Mpira wa pampu ya maji umechakaa," akaendelea. "Mzee Nabuaka ana injini kama hii, na mpira wa akiba anao. Nenda ukaombe."

"Nikaombe mpira wa kumi na tano? Kijiji kizima kitajua."

"Kijiji kizima kinajua. Hata kuku wanajua."

"Wewe shughulikia tumbo lako."

Akaagiza mpira kutoka mji mkuu, Tarawa, kwa namba ya kifuniko. Ulipofika ulikuwa mkubwa, akauchonga kwa kisu cha samaki. Mimi nimesoma masomo ya jioni tu, lakini hata mimi niliona aibu kwa niaba yake.

Jumanne mchana uchungu ukamshika Teretia, na damu ikatangulia. Zahanati iko ng'ambo ya bahari ya ndani. Nilimwachia mama mwanangu, nikapanda mashuani na kukipakata kichwa cha dada yangu. Tulipofika katikati tukasikia harufu ya kuungua. Injini ikalia, ikakwama. Maji yalikuwa yanakupwa.

Mashua nyingine ikatokea. Na Tekaai, mkewe akivuja damu miguuni pake, alifanya nini kwanza? Alivua fulana akakifunika kifuniko, asichekwe.

Alikuwa Nabuaka, na injini yake isiyo na kifuniko, iliyofungwa kwa kamba.

"Nimeishiwa mafuta, mjomba," Tekaai akasema.

"Muongo," Teretia akasema, meno yamebanana. "Ni kumi na tano, na imeungua. Tuvute, mzee wangu."

"Najua ni kumi na tano, mwanangu. Niliifunga mimi na baba mkwe wako." Akatutupia kamba.

Mtoto alizaliwa zahanati, hai, msichana. Mama yake tulimlinda siku tatu bila kujua kama atabaki. Akabaki.

Siku ya nne Nabuaka alikitoa kifuniko, akafuta chumvi kwa kidole gumba. Kwenye mwili wa injini palikuwa na duara la chuma, kama sarafu, limepigwa chapa ya namba.

"Kibati ulikibandua," akamwambia Tekaai, "lakini namba nyingine ilikuwa hapa siku zote. Na mpira wake unaning'inia jikoni kwangu. Ungeniomba, ningekunyima vipi?"

Injini haikuwaka tena.

FUNZO

Ndugu zangu, kijiji ambamo ndugu hanyimwi kinataka kitu kimoja tu: useme ukweli wa unachokihitaji. Anayeona haya kuomba cha kumi na tano atawazamisha mkewe na wanawe chini ya arobaini. Tunza ulichonacho, kijue kwa namba yake, na maji ya kisima yapeleke ndani, siyo juu.

Kile kifuniko Teretia anakitumia kumwekea nguruwe chakula. Mpwa wangu sasa anatambaa, hukisogelea na kuigusa ile namba. Akikua nitamfundisha kuisoma, kisha nitamfundisha kufungua na kutazama ndani.