Aliyeshika Ncha ya Pili

Jua lilikuwa limeshagusa matete, na jaruba la mpunga la Chapuchapu bado limefunikwa na magugu maji. Jina hilo alipewa kwa haraka zake; mwanamke huyu angeweza kusonga ugali huku anafagia uwanja. Lakini magugu maji hayataki haraka, yanataka watu wawili. Mmoja tuta hili, mwingine tuta lile, kamba inaburutwa juu ya maji na magugu yanasogea pembeni. Na miche ilikuwa imeshang'olewa kitaluni. Isipopandwa asubuhi imekwisha, na watoto wake watatu wasahau wali mwaka mzima.

"Naenda kumwangalia mwanangu, narudi sasa hivi," alisema wifi yake, akiiacha ncha ya pili. "Na usijifunge kamba mkononi. Mwenzako akiteleza, mnaenda wote."

"Nenda bwana! Umeshakuwa mama mkwe?"

Wifi alipopotea tu, Chapuchapu akaizungusha kamba mkononi mara tatu, isimchubue viganja. Ukungu ukashuka. Tuta la pili halikuonekana tena.

Kamba ikavutwa. Mara mbili, kama walivyozoea.

"Umesharudi? Umeruka, au?" Chapuchapu akacheka.

Wakavuta. Magugu yalikwenda yenyewe, kama mbuzi waliozoea njia... Harufu ya tope la chini kabisa, lile lisilofikiwa na jembe, ikamjaa puani. Haikupita nusu saa, maji yakabaki matupu. Kazi ya siku mbili! Alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

"Asante, wifi yangu!"

"Asante ya nini?" Sauti ilitoka nyuma yake, njiani. "Mtoto alikuwa anatapika, ndiyo kwanza nafika. Nani anakuvutia?"

Kamba ilikuwa bado imekaza.

Ukunguni ikaja sauti ya upole, kama ya jirani yeyote.

"Kesho kwangu."

Ndivyo walivyofanya kazi wote pale: aliyekuvutia leo, kesho unamvutia. Lakini ng'ambo ya tuta lile hapakuwa na jaruba la mtu. Palikuwa na kinamasi tu, ambacho hakuna aliyewahi kugusa chini yake.

Wifi aliikata kamba kwa mundu. Kipande kilichobaki mkononi wakakichoma jikoni. Asubuhi walipanda miche yote, na ikasimama vizuri.

Kulipokuchwa tena, walijifungia ndani. Watoto walikuwa wamelala. Chapuchapu akautazama mkono wake: alama tatu za kamba, mbichi, zikichuruzika maji.

"Nishike, wifi," alinong'ona.

"Nimekushika."

Kweli alikuwa amemshika, kwa mikono yote miwili, miguu kaikaza kwenye kizingiti.

"Ukivuna, wapikie watoto kwanza. Wadogo hao, hawajui kusubiri."

"Acha maneno hayo! Utawapikia mwenyewe."

Mkono wa Chapuchapu ulikuwa umeanza kunyooka kuelekea mlangoni, wenyewe.

Ukavutwa. Mara mbili.