Mikarafuu ya Dastani

Mwanaima alikuwa anapalilia mikorosho yao, huko Mbekenyera, alipojua kwamba inauzwa. Hakuambiwa na mumewe. Aliambiwa na mnunuzi aliyekuja kulikagua shamba. Damu ilimchemka. Alishika njia ya nyumbani, jembe mkononi.

"Mohamedi! Unauza mikorosho niliyoipanda kwa mikono hii?"

Mumewe alikuwa na Dastani, dalali wa Nachingwea. Walikuwa wanatazama picha kwenye simu.

"Tulia, mama Hafidha. Tunanunua mikarafuu Pemba."

"Pemba umefika lini?"

"Ni Tanzania hiyo hiyo, shemeji," Dastani alidakia. "Ni kama kutoka Ruangwa kwenda Nachingwea."

Hasira zilimzidi Mwanaima. Alitoka akamwita jirani yao, Winfrida, mwalimu wa uraia.

Winfrida hata kiti hakutaka.

"Nchi ni moja, baba Hafidha," alisema, "ila Zanzibar wana serikali yao. Ni Unguja, Pemba na visiwa vidogo vidogo. Wana Rais wao, mahakama zao, na Baraza la Wawakilishi linalotunga sheria zao. Ulinzi, uraia na mambo ya nje ni ya Muungano. Ardhi haimo. Ardhi ina sheria ya kwao, na haki ya kuimiliki ni ya Mzanzibari. Wewe ni Mzanzibari?"

"Mimi Mmwera wa huku huku," Mohamedi alijibu kwa sauti ndogo.

Dastani akaja juu. "Nani kataja ardhi? Mimi nauza mikarafuu!"

"Ndiyo ujanja wako huo!" Winfrida alifoka. "Huku mtu akisema amenunua mikorosho, tunajua amenunua shamba. Wewe unamuuzia neno tu. Hiyo mikarafuu ataichuma amesimama wapi, hewani?"

Mwanaima akamgeukia Dastani. "Piga simu ofisi ya ardhi Zanzibar. Piga sasa hivi, tusikie wote."

"Sina salio, shemeji."

"Chukua simu yangu."

Dastani akakumbuka ghafla kwamba ana safari. Pikipiki yake ilitimua vumbi hadi barabarani.

"Na lingine," Winfrida alimwambia Mohamedi. "Shamba la familia haliuzwi bila mke kuridhia. Hiyo ni sheria yetu ya huku."

Mohamedi aliinamisha kichwa. Shamba halikuuzwa, ila Mwanaima hakumsamehe upesi. Walipuliza salfa, dawa ya mikorosho, pamoja, wakiambiana "shika" na "leta" tu. Mikorosho ikachanua vizuri, ikabeba.

Siku moja, Mohamedi akiokota korosho na Mwanaima akipalilia kwa jembe, akaja mnunuzi mwingine.

"Mwenye shamba hili ni nani?"

Mohamedi alianza kujibu, akajizuia. Alimwonyesha mkewe kwa kidole.

"Muulize yule. Ila kwanza ngoja aweke jembe chini."