Mlango Aliouchora Mchumba Wangu

Tak! Tak! Tak! Kete zilikuwa zinagonga kikombe cha bati, nami bado niko nje navua viatu.

"Fundi, umechelewa!" shemeji yangu akapaza sauti kutoka ndani. Tulimwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. "Ubao umeshatandazwa. Njoo ufungwe!"

"Unifunge wewe? Labda ndotoni!"

Jumapili mchana nyumbani kwa kina mchumba wangu ni mchezo. Mmoja anaokota kadi yenye picha, anakieleza kitu kilichochorwa bila kukitaja. Mwenzake, akiwa amempa mgongo, anasikiliza na kuchora. Wengine wanabahatisha, na anayepatia anarusha kete na kusogea ubaoni. Harusi yetu ilikuwa imebaki mwezi mmoja, basi mama mkwe akatupanga pamoja.

"Tuone kama mnasikilizana," alisema.

Nikaokota kadi. Mlango. Nikacheka moyoni, mimi ni mchomeleaji, milango ndiyo kazi yangu.

"Kinakuzidi urefu," nikaanza. "Kina bawaba upande mmoja. Mgeni akija hukigonga."

"Aa, ameshamwambia yote!" Redio akalalamika.

Penseli ya mchumba wangu ilikimbia. Akachora fremu, akachora vyuma, halafu katikati akaweka ua. Petali tatu kulia, mbili kushoto.

"Mlango!" Mama mkwe akapiga makofi.

Mimi sikupiga. Ua lile nililichomelea mara moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye mlango wa baba yangu. Chuma kiliniishia upande wa kushoto. Baba alipouona alicheka mbele ya majirani, nami nikabeba begi langu. Miaka sita sikukanyaga pale. Mchumba wangu nilimwambia mapema kabisa: siku utakayomtaja yule mzee, tumeachana.

"Huu mlango umeuona wapi?"

Akageuka. Akaitazama karatasi yake kama vile imechorwa na mtu mwingine.

"Kwa baba yako."

"Tangu lini?"

"Huu mwezi wa tatu. Alipata kiharusi, akalazwa wodi ninayohudumia. Akaniambia ana kijana fundi wa milango, anatunga mashairi na kugombana na kila mtu. Sikuhitaji kuuliza jina."

Redio alitaka kucheka, mama yake akamfinya.

"Aliporuhusiwa nikawa naenda kwake kila Alhamisi kumnyoosha mkono."

"Na ukanificha!"

"Nimekuficha? Nimeanza kukuambia mara nne! Mara ya kwanza ulienda kunywa maji, hukurudi. Ya pili ukanikatia simu. Ya tatu nikakuandikia ujumbe. Ulijibu nini?"

Nilikumbuka neno kwa neno: "Kama ni habari za mzee, nimefuta kabla ya kusoma." Siku ile nilijiona mwanaume kweli.

"Na ya nne?" nikauliza, sauti imepungua.

"Ya nne nilishindwa kusema, nikalia. Ukadhani nalilia gauni la harusi. Ukaniambia fundi cherehani yupo, nisijali."

Uso ulinichoma. Nikainuka.

"Haya, ondoka." Akavua pete, akaiweka juu ya ubao, katikati ya kete. "Ila leo sikufuati. Nimechoka kukufuata."

"Keti, mwanangu," mama mkwe akasema taratibu. "Humu ndani huna adui."

Kiburi kilinivuta kuelekea nje, miguu ikagoma. Nikaketi.

"Mzee alisema nini?"

"Alisema alicheka kwa furaha. Alitaka kuwaambia majirani, tazameni, huyu ni mwanangu. Kabla hajamaliza kucheka, ulikuwa umeshatoka."

Nikainuka tena.

"Twende," nikasema. "Nataka nimsikie mwenyewe."

Machozi yakamdondoka. "Umechelewa. Kiharusi kimemrudia juzi. Hasemi tena."

Tulienda hivyo hivyo, nyumbani kwa baba. Shangazi yangu ndiye aliyetupokea. Aliponiona alijishika kifua, akatupisha tuingie.

Baba alikuwa amelala chali, mdomo umekwenda upande mmoja. Macho yake yalinijua.

"Baba. Ni mimi."

Midomo ikahangaika dakika nzima. Ikatoka pumzi tu. Nikapiga magoti kando ya kitanda. Mimi ninayejisifu kwa mashairi, hata mstari mmoja haukuja.

"Nisamehe, baba. Nisamehe."

Mchumba wangu akamfuta kidevu, akamgeuzia mto upande wa dirisha bila kuuliza. Mimi, mwana wa kumzaa, sikujua hata anapenda kulalia upande gani.

"Bado nina hasira na wewe," akaniambia huku akinyoosha shuka. Hakuniangalia.

"Niambie."

"Si leo. Na si maneno ya dakika mbili."

"Na pete?"

"Iko kwa mama. Usiiulizie."

Mkono wa baba ulikuwa mwepesi kama kitambaa. Niliushika kwa mikono yangu miwili, nikasema kwa sauti ili wote wawili wasikie:

"Siku utakayokuwa tayari, sema yote, hata kama itachukua wiki nzima. Nakuahidi mbele ya baba yangu: sitakukatisha, na sitainuka mpaka umalize."