Tambi Zilizonyooka Mno

Kila Jumapili asubuhi nyumbani kwa akina Rapp, katika mji mdogo wa Laichingen, kila mtu alijua kazi yake. Baba aliondoa theluji mlangoni kwa koleo. Mama alikaanga nyama ya ng'ombe mpaka ikawa na rangi ya kahawia pande zote, kisha akaiacha iive taratibu pamoja na vitunguu. Tilda, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alimenya karoti. Mdogo wake Veit alijifungia chooni na kitabu cha katuni mpaka kazi ziishe.

Ifikapo saa nne kamili, Bibi Gerlinde, mama yake Baba, alipanda ngazi kutoka chumba chake cha chini, akavaa aproni yake na kuchukua ubao. Alipaka rojo la unga na mayai juu ya ubao huo, kisha akalikwangua ukingoni kwa kikwangulio cha chuma, haraka haraka, vipande vyembamba vikidondoka kwenye maji yanayochemka. Hizo ndizo tambi za kwao, wenyewe huziita spätzle. Saa sita nyama ilikatwa, mchuzi mzito ukamwagwa juu ya tambi, na wote wakala.

Halafu mwezi wa pili ukaja na barafu. Bibi aliteleza akifagia mbele ya mlango na kuvunjika mkono wa kulia, pale kwenye kifundo. Alifungwa hogo, plasta ngumu ya kushikilia mfupa, na kulazwa siku nne. Chakula cha hospitali alikiangalia tu.

"Akirudi nyumbani nitampikia mimi," Tilda alisema. "Nyama na tambi. Zote mimi."

"Tambi za kukwangua?" Mama aliuliza. "Mimi mwenyewe mpaka leo zinanishinda, mwanangu."

"Nimemwona Bibi akikwangua tangu nikiwa mdogo. Najua."

Kuona si kufanya, na Tilda aligundua hivyo Jumamosi alasiri, wazazi wake walipokwenda kumchukua Bibi. Rojo la kwanza lilikuwa jepesi. Lilimiminika lote kwa mkupuo na kugeuka donge moja kubwa ndani ya sufuria. Akaongeza unga. La pili likang'ang'ania ubao na halikutoka hata alipolikwangua kwa nguvu zake zote. Mayai yakaisha. Tilda alitazama saa ukutani. Kesho ilikuwa Jumapili, na Jumapili hakuna duka lililo wazi.

Alikimbia dukani kabla halijafungwa. Kwenye jokofu la duka zilipangwa pakiti za tambi zilizotengenezwa kiwandani, tayari kupashwa moto. Alichukua mbili, akalipa, na kuzificha chini ya koti.

Kesho yake alipika nyama kwa maelekezo ya Mama, na nyama ilikubali kweli. Ilipofika zamu ya tambi, aliwatoa wote jikoni.

"Nikiangaliwa nachanganyikiwa," alisema na kufunga mlango.

Akapasha tambi za pakiti kwenye siagi. Kisha, na hapa ndipo kosa lilipoota mizizi, alikoroga unga kidogo na maji, akaupaka kwenye ubao na kumwagia mwingine mezani, ili jiko lionekane limefanya kazi.

Bibi alikula sahani nzima, kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Baba alitabasamu mpaka masikioni.

"Nani amekwangua hizi?" Bibi aliuliza.

"Mimi," Tilda akajibu.

Bibi aliinua tambi moja kwa uma na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazameni zilivyonyooka. Zote sawasawa."

"Fundi huyo!" Baba akasema. "Mama, umepata mrithi."

"Nimepata," Bibi alisema taratibu. Aliutazama mkono wake ndani ya hogo. "Zangu siku hizi zinatoka za ajabu. Moja nene, moja fupi, nyingine imejikunja. Nilidhani ni macho yangu. Kumbe ni mikono, imezeeka."

Wote walicheka, wakidhani ni utani. Bibi hakucheka, na Tilda aliona.

Jumapili ya pili aliombwa apike tena. Angesemaje? Fundi hawezi kusahau ufundi wake kwa wiki moja. Akanunua pakiti tena. Tatizo sasa likawa mahali pa kuzitupa. Takataka za plastiki nyumbani kwao zilitiwa kwenye mfuko wa manjano unaoonyesha kila kilichomo, na mfuko huo ulining'inia jikoni mbele ya macho ya wote. Kwa hiyo Tilda alikunja pakiti tupu na kuzisokomeza ndani ya buti zake za mvua, katika ghala la chini, mpaka Jumatatu azitupe shuleni.

Huko ndiko Veit alikozikuta, alipokuwa akitafuta kamba ya sleji yake ya kutelezea kwenye theluji.

"Aha! Fundi!" alisema, akizipunga pakiti juu ya kichwa chake. "Fundi wa kukata pakiti kwa mkasi!"

"Veit, nakuomba. Usiseme."

"Sisemi. Ila zamu yangu ya kufagia ngazi wiki hii ni yako. Na ya wiki ijayo."

"Mwizi mkubwa wewe."

"Mwizi ni nani hapa, dada?"

Tilda alifagia ngazi, kuanzia juu mpaka mlango wa Bibi, na kila siku alipofika pale alitamani kubisha na kusema ukweli. Kila siku aliinua ufagio wake akaondoka. Alijiona kama mtu aliyejifungia chumbani mwenyewe na kumeza ufunguo. Jumapili ya tatu ikaja, na pakiti nyingine mbili zikaingia ndani ya buti.

Alhamisi iliyofuata Bibi aliondolewa hogo. Mkono ulitoka mwembamba, vidole vimekakamaa na kuvimba. Daktari aliagiza mama wa mazoezi aje nyumbani mara mbili kwa wiki, akampa Bibi na mpira laini wa kuminya. Bibi aliuweka mpira dirishani na hakuugusa.

Jioni hiyo Tilda aliwasikia wazazi wake wakizungumza sebuleni.

"Hataki kabisa," Mama alisema. "Nimemwambia, nimembembeleza. Ananijibu, mkono wa nini tena? Mkono wa kushika kijiko unamtosha."

"Daktari alisemaje?"

"Kwamba asipofanya mazoezi mwezi huu, vidole vitabaki hivyo hivyo. Havitakunjika tena."

"Si kawaida yake," Baba alisema. "Mama hajawahi kukata tamaa maishani mwake. Nini kimempata?"

Tilda alisimama gizani kwenye korido. Yeye alijua nini kimempata Bibi. Kilichompata ni yeye, Tilda, na pakiti zake. Aliingia kitandani akaapa kwamba kesho atasema. Ijumaa ikapita. Jumamosi akaenda dukani.

Jumapili ile alikuja Shangazi Irmtraud, dada yake Baba, mwanamke wa sauti kubwa aliyependa kujionea mambo kwa macho yake. Tilda alipotaka kufunga mlango wa jiko kama kawaida, Shangazi aliburuta kiti na kukiweka pale pale mlangoni.

"Mimi sibanduki hapa," alisema. "Nimeendesha gari saa nzima kwenye utelezi kuja kumwona huyu fundi. Mama, njoo ukae nami."

"Shangazi, nikiangaliwa nachanganyikiwa."

"Utazoea! Mimi Bibi yako alinifundisha huku akinipiga vidole kwa mwiko. Sijui kitu mpaka leo, lakini nilizoea."

Bibi akaja, akakaa kwenye kiti cha pili. Baba na Mama walisimama nyuma yao. Veit alichungulia chini ya mkono wa Baba, akitabasamu kwa ujanja. Mlango ulikuwa umezibwa. Nyama ilikuwa imeiva, maji yalikuwa yakichemka, na pakiti mbili zilikuwa ndani ya friji nyuma ya kabichi. Tilda alishika ubao na hakujua afanye nini nao. Angeweza kusingizia kichwa kinamuuma. Angeweza kuangusha bakuli la mayai. Yote mawili aliyafikiria.

"Ubao huo ni wake sasa, Irmtraud," Bibi alisema. "Mimi nimemaliza. Na yule mama wa mazoezi nimemwambia mkono umepona, asije tena. Ya nini kumsumbua kwa mkono ambao kazi yake imekwisha?"

"Mama!" Shangazi akashtuka.

"Umeziona tambi zake? Ungeziona ungeelewa."

Tabasamu la Veit likatoweka. Tilda aliweka ubao chini. Akafungua friji, akasogeza kabichi, akatoa pakiti mbili na kuziweka mezani mbele ya Bibi.

"Hizi ndizo tambi zangu," alisema. "Zote. Tangu siku ya kwanza. Mimi sijui kukwangua, Bibi. Nilijaribu nikashindwa, nikaona aibu. Mikono yako haijazeeka. Zile ni za mashine."

Maji yalichemka peke yake. Bibi alichukua pakiti, akaigeuza, akaisoma mbele na nyuma kana kwamba ni barua ya serikali.

"Wiki tatu," alisema hatimaye, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa hasira. "Wiki tatu nimekaa pale chini nikijiona mzigo, kwa sababu ya mashine!"

"Nisamehe, Bibi." Tilda alikuwa akilia sasa.

"Futa machozi, yatadondokea kwenye unga. Irmtraud, nipishe." Bibi alisimama, akakunja mikono ya sweta. "Rojo lako la kwanza lilikuwaje?"

"Maji maji."

"Na la pili?"

"Liliganda kwenye ubao."

"Ulilowesha ubao?"

Tilda akatikisa kichwa.

"Miaka yote umesimama hapa hukuniona nikiuchovya kwenye maji ya moto? Ulikuwa unatazama nini, mtoto wewe? Vunja mayai. Sita. Piga kwa mwiko mpaka rojo litoe mapovu, na ukichoka, endelea."

Tilda alipiga mpaka bega likawaka moto. Bibi akachovya ubao na kikwangulio kwenye maji, akaupaka rojo. Lakini alipojaribu kukishika kikwangulio, vidole havikukunjika, kikaanguka sakafuni. Baba alisogea kukiokota. Bibi akamzuia kwa macho, akainama na kukiokota mwenyewe, akakiosha. Tilda alishika ubao juu ya sufuria, na Bibi akakwangua polepole huku akikunja uso kwa maumivu. Baada ya mistari kumi wakabadilishana. Tambi za Bibi zilitoka nene na fupi. Za Tilda hazikuwa na umbo linalojulikana. Lakini zilizama, zikaibuka juu ya maji, na zote zilikuwa tambi.

Walikula wamechelewa, saa nane kasorobo. Shangazi Irmtraud aliinua moja kwa uma wake.

"Hii ni tambi au ni konokono?"

"Ni ya kwangu," Tilda alisema.

"Basi niongezee."

Bibi alingoja mpaka sahani yake ikawa tupu, ndipo akamgeukia mjukuu wake.

"Ulitaka kunifurahisha, najua, na siku ile nilifurahi kweli. Lakini uongo wako ulinifanya nijidharau mimi mwenyewe, nikakataa hata mazoezi niliyoagizwa. Ndivyo uongo ulivyo, Tilda. Unamdanganya mtu ili mambo yawe mazuri, halafu yeye anaamua maisha yake kwa kufuata kitu ambacho hakipo. Kushindwa tambi si aibu. Mama yako ameshindwa miaka kumi na tano na bado tunampenda."

"Ahsante sana, Mama," Mama akasema, na meza nzima ikacheka, Bibi pia.

"Siku nyingine ukishindwa, njoo useme umeshindwa," Bibi aliendelea. "Nitagomba, halafu nitakufundisha. Anayejifanya anajua, nitamfundisha nini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na pakiti hizo mbili usizitupe, chakula hakitupwi. Utakula wewe wiki nzima ukitoka shule, peke yako, bila mchuzi. Na Veit aliyejua akanyamaza atakusaidia kuzimaliza."

"Mimi?" Veit akaruka. "Nani kasema nilijua?"

"Uso wako," Bibi akajibu.

Kesho yake asubuhi, Tilda akishuka ngazi kwenda shule, alisikia sauti kutoka chumba cha Bibi. Mlango ulikuwa wazi nusu. Bibi alikuwa amesimama dirishani, simu imebanwa begani, na alikuwa akizungumza na mama wa mazoezi kwa sauti ya juu kama wanavyofanya wasioziamini simu.

"Hapana, binti, haujapona," alikuwa akisema. "Nilikudanganya. Mkono hauwezi hata kushika kikwangulio. Ndiyo maana nataka uje leo."