Naam ya Shemsa

Saa nne asubuhi soko la Darajani lilikuwa limefurika watu. Wachuuzi wa samaki walikuwa wakinadi kwa sauti zilizokauka, maji ya chumvi yakitiririka sakafuni, na katikati ya makelele hayo alisimama kijana mmoja aliyefunga tai, ameinamia pweza kama daktari aliyeinamia mgonjwa.

"Nilivyokusikia, Bwana Matar," alisema kwa upole, "unasema pweza huyu kavuliwa leo alfajiri. Nimesikia sawa?"

"Si nshakwambia!" Matar muuza samaki alimaka. "Kwani we mwangwi?"

Nyuma yao mtu alicheka. Alikuwa msichana mrefu, buibui lake limeteleza hadi mabegani, kikuba cha maua ya asumini na mrehani kifuani.

"Mwangwi gani huo, Bwana Matar, uliofunga tai sokoni?" alisema. "Na huyo pweza kama kavuliwa leo, basi mimi nimezaliwa jana."

Kijana aligeuka, akasahau pweza. Jina lake lilikuwa Ame, karani wa ghala la serikali, umri miaka ishirini na saba. Mwaka ule wa sabini na moja alikuwa akijivunia jambo moja kuliko yote: kila jioni, baada ya sala ya Alasiri hadi Isha, alihudhuria kozi ya miezi mitatu iliyoletwa na chuo kikuu cha bara. Somo liliitwa Stadi za Mawasiliano. Zoezi la wiki ile lilikuwa kurudia maneno ya mwenzako kabla ya kumjibu, na Ame alilifanya kwa kila mtu, hata kwa wauza samaki.

"Nilivyokusikia, bibie," alisema, "unasema nisinunue."

"Hujasikia vyema. Nimesema una tai nzuri."

Msichana huyo alikuwa Shemsa, mpokezi wa simu katika ofisi moja ya Malindi. Kabla jua halijapinda, Ame alikuwa ameshapata nambari ya simu ile.

Basi kila siku saa nne simu ya Shemsa ililia.

"Hapa ofisini, nikusaidie nini?"

"Nisaidie usingizi, habibi. Jana sikulala."

"Bwana Mwangwi! Leo mmesomeshwa nini?"

"Kwamba mazungumzo yana njia mbili. Mtu wa kweli ukimuuliza, hujibu. Anayesema tu asisikilize, huyo ni mwangwi."

"Wewe uko upande gani?"

"Niulize chochote."

"Utaniposa lini?"

Ame aliangua kicheko, naye Shemsa akacheka hadi mkuu wa ofisi akakohoa mlangoni.

Shemsa aliishi na bibi yake, Bi Mwanapili, ghorofa ya pili ya nyumba iliyoko ndani ya kichochoro chembamba, karibu na Mkunazini. Baba yake alikwishafariki. Magharibi moja, adhana ikiwa imemalizika na taa hazijawashwa, alisikia akiitwa kutoka chini.

"Shemsa!"

Ilikuwa sauti ya Ame, na lile pindo lake la kuburura mwisho wa jina. Moyo ulimruka.

"Naam!" aliitika, akashuka ngazi mbili mbili.

Kichochoroni hamkuwa na mtu. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kuta tupu pande zote mbili. Aliweka kiganja juu ya baraza ya mawe iliyo chini ya dirisha lao. Ilikuwa na joto la mwili, kama mtu aliyekuwa amekaa hapo ndio kwanza anyanyuke.

Asubuhi yake aliuliza kwenye simu, "Jana magharibi ulipita kwetu?"

"Magharibi? Nilikuwa darasani, mpenzi. Tumesali uani tukarudi kuandika. Ushaanza kuniota ukiwa macho?"

Alicheka, na Shemsa hakusema zaidi. Ame alikuwa msomi, angemwona mshamba.

Magharibi ya pili sauti iliita tena. Safari hii Bi Mwanapili aliuweka mkono wake mkavu juu ya mdomo wa mjukuu wake.

"Jana uliitika?"

Shemsa alitikisa kichwa kuafiki. Uso wa bibi ulibadilika.

"Usiitike tena. Mtu usiyemwona akikuita magharibi, nyamaza. Kile hakikutaki wewe, kinataka naam yako. Ya kwanza umeshakipa. Ya tatu hufuatana na mwenyewe; ukikipa hiyo, kimekuchukua."

Tangu siku ile kila magharibi Shemsa aliitwa jina lake, mara tatu, kwa sauti ya mtu ampendaye. Alikaa kwenye mkeka ameziba masikio, machozi yakimtoka, asiitike.

Jumatatu moja aliwasili ami yake kutoka Jambiani, Mzee Machano, na kikapu cha viazi vikuu na habari nzito. Jecha, mtoto wa binamu wa huyo ami, alikuwa ameleta posa. Ijumaa jioni ami, aliye walii badala ya baba, atamuuliza binti mbele ya wakubwa.

"Kazi isimame kwanza," alisema ami. "Mwari mwenye posa hashindi kwenye simu za watu."

Shemsa aliomba ruhusa ya kwenda kuaga ofisini. Alipiga simu ghalani.

"Ame, kuna jambo nyumbani. Njoo leo leo. Njoo useme na..."

Simu ikakatika. Hakupata nafasi ya kupiga tena. Ami alikuwa akimngoja chini.

Ame aliondoka darasani katikati ya somo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alifika kichochoroni tai imekwenda upande, adhana ya magharibi ndio kwanza imalizike. Kupiga hodi kwa watu asiojuana nao aliona haya. Alisimama chini ya dirisha, akaita.

"Shemsa!"

Kimya.

"Shemsa! Shemsa!"

Aliona ubao wa dirisha ukisogea. Vidole viwili, vyenye hina, viliuvuta ukafungika. Komeo likaingia.

Ame alibaki akitazama mbao zile hadi giza likazifuta. Kisha akaondoka. Siku tatu hakupiga simu, na simu ya ghalani ilipolia aliwaachia wengine.

Jumatano kozi ilikuwa inakaribia mwisho. Mwalim Muhiddin, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwapa kazi ya mwisho: kila mmoja aandike ukurasa mmoja, kozi imemfundisha nini. Ame aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa kujivunia: *Nimejifunza kuwa kimya nacho ni jibu. Mtu mwerevu hulisoma jibu hilo na kuondoka kwa heshima.*

Alhamisi alirudishiwa karatasi. Chini yake palikuwa na wino mwekundu: *Jibu la swali gani? Ulimuuliza nini?*

Ame aliusoma mstari ule mara nne. Aliona aibu kwanza, kisha hofu. Sikumuuliza kitu, alijiambia. Nilimwita tu.

Hakungoja sala ya uani. Alikwenda mbio, akasali msikiti wa njiani, akaingia kichochoroni wakati kuta zimegeuka rangi ya majivu. Alisimama chini ya dirisha, akavuta pumzi. Kabla hajafumbua mdomo, alisikia.

"Shemsa!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilitoka barazani, hatua mbili kutoka aliposimama, na barazani hapakuwa na mtu. Ilikuwa na lile lile pindo lake, na ile haraka ya Jumatatu.

"Shemsa! Shemsa!"

Nywele zilimsimama. Juu, dirishani, alisikia kilio kidogo kilichobanwa kwa kiganja. Hapo ndipo alipoelewa ni nini alichokuwa akisikia msichana yule, jioni baada ya jioni, na kwa nini komeo liliingia. Miguu ilimtaka akimbie. Hakukimbia. Akainua uso, wala hakutaja jina.

"Bibie wa juu! Siku ile sokoni, Bwana Matar aliniita mwangwi. Wewe ukasema mwangwi haufungi tai. Nilisikia sawa?"

Ubao wa dirisha ulitulia. Kisha sauti nyembamba ikauliza kupitia upenyo:

"Pweza yule... ulimnunua au hukumnunua?"

"Nilimnunua! Niliona haya kumrudisha. Nimemchemsha siku mbili, taya zinaniuma mpaka leo."

Juu kulitoka kicheko kilichochanganyika na machozi. Dirisha likafunguka. Shemsa alimtazama yeye, akaitazama baraza tupu, akamrudia yeye.

"Ame, Jecha wa ukoo wetu kaniposa, kesho wananiuliza. Nikinyamaza, kimya changu ni ndiyo, na ndiyo yenyewe ni ya Jecha."

"Basi kesho usinyamaze. Na mie kesho siiti kichochoroni. Nakuja na wakubwa wangu."

Kikapu kilishuka kwa kamba. Ndani yake kulikuwa na kikuba cha asumini kilichonyauka, alichomwekea tangu Jumatatu.

Ijumaa jioni chumba cha Bi Mwanapili kilijaa. Ame alikaa juu ya mkeka, kanzu nyeupe na kofia ya kiua, kando ya ami yake Mkadam aliyekwishaeleza haja. Mzee Machano hakufurahi, lakini alikuwa mtu wa haki.

"Posa ni mbili," alisema. "Shemsa, mwanangu, unamkubali Jecha?"

Wazee waliinamisha vichwa kungoja kimya, kama walivyozoea.

"Simkubali, ami."

Watu waliguna. Nje adhana ilimalizika. Mzee Machano alikohoa.

"Basi, unamkubali Ame?"

"Shemsa!"

Sauti ilitoka chini, kichochoroni. Kila mtu aliisikia. Kila mtu alimgeukia Ame, naye alikuwa amekaa mbele yao, midomo imefungwa, jasho likimtoka. Kikombe cha Mkadam kilianza kugongana na kisahani chake.

"Shemsa!"

Bi Mwanapili alianza kusoma chini chini. Mzee Machano aliinua mkono, akauliza tena, kwa sababu swali la walii haliachwi katikati:

"Mwanangu. Unamkubali Ame?"

Shemsa hakutazama dirishani. Alimkazia macho ami yake.

"Naam, ami," alisema, kwa sauti iliyofika hadi chini. "Na ninamjibu aliyeniuliza, si aliyeniita."

Wakangoja. Jina halikuitwa mara ya tatu.

Walioana mwezi wa sita, na baadaye wakapewa nyumba ghorofa ya nne katika majumba mapya ya Michenzani, yananuka saruji mbichi, hayana kichochoro wala baraza. Ame aliufuta ukurasa wake wa kozi, akaandika mstari mmoja: *Nimejifunza kuuliza.*

Hata hivyo ziko jioni ambapo yeye huwa kitini na gazeti, Shemsa yuko mbele yake akikuna nazi, na kutoka ngazini sauti ya Shemsa huita, "Ame!"

Hushusha gazeti. "Umeniita, mke wangu?"

"Sijakuita."

Naye hulikunjua tena gazeti, Shemsa huendelea kukuna nazi, na hakuna anayeitika.